Jimbo la Doha lililompa mwanamke kiti mara tano

Miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi Doha, mji mkuu wa Qatar, wengi wanalijua eneo la Matar Qadeem, yaani Uwanja wa Ndege wa Zamani. Ni eneo la maduka, mikahawa na nyumba za kupanga, jirani na uwanja uliokuwa ukipokea abiria kabla ya safari kuhamishiwa Uwanja wa Kimataifa wa Hamad mwezi Mei 2014. Wasiojua wengi ni kwamba eneo hilo pia ni jimbo la uchaguzi, na kwamba historia ya jimbo hilo inaeleza mambo mengi kuhusu safari ya sanduku la kura nchini Qatar. Katika makala hii tunaitupia jicho historia hiyo.

Tarehe 8 Machi 1999, wakati wa utawala wa Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani, wananchi wa Qatar walipiga kura kuchagua Baraza Kuu la Manispaa lenye viti 29. Wanawake waliruhusiwa kupiga kura na kugombea sawa na wanaume, jambo ambalo wakati huo lilikuwa bado halijaruhusiwa katika nchi jirani kama vile Kuwait. Wanawake 6 walijitokeza kugombea. Hakuna hata mmoja aliyeshinda.

Ni vyema kueleza hapa kwamba baraza hilo si bunge. Mjumbe wake anafanana zaidi na diwani wa kwetu: anafuatilia barabara, usafi, masoko na vibali vya ujenzi, kisha baraza linatoa mapendekezo kwa waziri. Halitungi sheria wala halipangi bajeti ya taifa. Muhula wake ni miaka 4.

Uchaguzi wa pili ulifanyika Aprili 2003. Katika jimbo la Uwanja wa Ndege wa Zamani aligombea Bi Sheikha Yousuf Al Jufairi. Wapinzani wake walijitoa, naye akapita bila kupingwa, akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha kuchaguliwa nchini Qatar. Huenda baadhi ya watu waliona kwamba ushindi wa namna hiyo ulikuwa bahati tu. Hata hivyo, mwaka 2007 aligombea tena akashinda, na mwaka 2011 pia akashinda. Katika mihula hiyo mitatu alikuwa mwanamke pekee barazani. Mwaka 2015 alishinda kwa mara ya nne, na safari hii akapata mwenzake, Bi Fatima Al Kuwari, aliyeshinda katika jimbo jingine la Doha. Wote wawili walirejea barazani mwaka 2019.

Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Kwetu sisi, wanawake wengi wameingia mabungeni na katika mabaraza ya madiwani kupitia viti maalumu. Baraza la Manispaa la Qatar halikuwa na viti hivyo. Kiti cha Uwanja wa Ndege wa Zamani kilipatikana jimboni.

Lakini ngazi ya taifa ilikuwa na hadithi nyingine. Mwezi huohuo wa Aprili 2003, Waqatari waliidhinisha kwa kura ya maoni katiba iliyoahidi Baraza la Ushauri lenye wajumbe 45, ambapo 30 wangechaguliwa na wananchi na 15 kuteuliwa na Amir. Ahadi hiyo iliahirishwa mara kadhaa, na uchaguzi ukafanyika tarehe 2 Oktoba 2021, miaka 18 baadaye.

Majimbo 30 ya uchaguzi huo yalipangwa kwa kufuata makazi ya koo na makabila ya miaka ya 1930, si mahali mtu anapoishi leo. Sheria iliruhusu kugombea wale tu waliotambuliwa kuwa raia wa asili, yaani wenye mizizi ya kabla ya mwaka 1930. Watu wa kabila la Al Murra waliandamana mwezi Agosti 2021 kulalamikia kuachwa nje, na baadhi yao walikamatwa. Zaidi ya wanawake 20 waligombea. Wote walishindwa. Baadaye Amir Tamim bin Hamad Al Thani aliteua wajumbe 15, wakiwemo wanawake wawili: Bi Hamda Al Sulaiti na Bi Sheikha Al Jufairi, yuleyule wa Uwanja wa Ndege wa Zamani.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye somo. Pale watu wanapopiga kura mtaani kwao, swali huwa ni nani anayefuatilia barabara na taka, na jibu linaweza kuwa mwanamke. Pale kura inapopigwa kwa jina la babu, swali hubadilika na kuwa nani atauwakilisha ukoo, na jibu hilo mara nyingi huwa mwanamume.

Mwezi Oktoba 2024 Amir alisema kwamba ushindani wa 2021 uliingia ndani ya familia na makabila, akapendekeza wajumbe wote wa Baraza la Ushauri wateuliwe. Kura ya maoni ya tarehe 5 Novemba 2024 iliafiki marekebisho hayo kwa asilimia 90.6. Hivyo uchaguzi wa 2021 ulikuwa wa kwanza na, hadi sasa, wa mwisho wa aina yake. Lakini ushindani wa kifamilia uliotajwa haukushuka kutoka mbinguni; majimbo yenyewe yalichorwa kwa mistari ya familia.

Kilichobaki ni kura ya manispaa, iliyofanyika tena tarehe 22 Juni 2023. Wageni, ambao ndio wakazi wengi wa Qatar, hawahusiki nayo. Mkenya anayeishi Matar Qadeem aliweza kumpigia kura rais wake akiwa Doha mwezi Agosti 2022, lakini hawezi kumchagua diwani wa mtaa anaolala.

Baraza la Manispaa lina mamlaka madogo, na wengi hulidharau kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ndiyo sehemu pekee ambapo raia wa Qatar anaweza kumpa mtu kiti na, baada ya miaka 4, kumnyang'anya.