Vifaru Juu ya Reli

Kwenye rafu yangu hapa Ohio, behewa ninalolipenda kuliko yote halina kuta wala paa. Ni sakafu tupu yenye magurudumu, na juu yake kimefungwa kifaru cha kijeshi aina ya Sherman, cha enzi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, kipimo ambacho sisi wakusanyaji wa treni ndogo tunakiita HO. Kifaru halisi kilikuwa na tani 30 hivi na urefu wa karibu mita 6. Changu hakifiki sentimita 7.

Watu huuliza treni na vita vinahusianaje. Vinahusiana tangu kiwandani! Mwaka 1942 Lima Locomotive Works, waundaji wa vichwa vya treni za mvuke mjini Lima, hapa hapa Ohio, walianza kuunda Sherman. Baldwin nao waliunda, hata Pullman-Standard waliozoea mabehewa. Kisha vifaru vilisafirishwa kwa reli hadi bandarini, maana safari ndefu barabarani ingeichakaza minyororo yake.

Ndiyo maana nikitazama behewa dogo la aina hii, kwanza naangalia mzigo ulivyofungwa. Kifaru kilichobandikwa kwa gundi tu hakinivutii hata kidogo. Nataka nione vipande vya mbao vikizuia minyororo mbele na nyuma, na nyaya zilizokazwa pembeni. Roco wa Austria waliuza vifaru vya kipimo hiki kwa jina la Minitanks, na vile vya zamani vya plastiki ya kijani sivipaki rangi. Nikipakia magari ya Jeep badala ya kifaru, matatu hujaza behewa moja la futi 40, na behewa lenyewe lazima liwe la enzi ya vita.