Kabla Fundi Hajafungua Injini

Pikipiki inayolia kwenye kilima bila kuvuta inaweza kuzungushwa gereji tatu za mtaa mmoja na kurudi na majibu matatu. Fundi wa kwanza atasema kabureta imechoka. Wa pili atasema pleti za klachi zimekwisha. Wa tatu, bila hata kuiwasha, atasema ringi zimekufa na injini ishushwe. Kila mmoja ametaja kitu kinachowezekana. Lakini kusafisha kabureta ni kazi ya muda mfupi, na kushusha injini kunaweza kumweka dereva wa bodaboda kando siku kadhaa huku hesabu ya bosi ikiendelea kudaiwa.

Ugumu wa kumpata fundi mwaminifu unaanzia hapo. Mwenye chombo haoni ndani ya injini, na hata baada ya kulipa bado haoni. Wanauchumi Michael Darby na Edi Karni waliandika kuhusu suala hili mwaka 1973: zipo huduma ambazo mnunuzi hawezi kujua kama alizihitaji hata baada ya kuzipata, na matengenezo ya vyombo vya moto ni mojawapo. Pikipiki ikirudi inavuta vizuri, mteja hajui kama kilichoiponya ni ringi mpya alizonunua au ni waya wa klachi ambao fundi aliurekebisha wakati wa kurudishia injini.

Kwa hiyo ukarimu wa fundi, ukubwa wa gereji na hata bei anayotaja ni vipimo hafifu. Kipimo kinachofaa ni mwenendo wake kabla hajafungua chochote, na huo mteja anaweza kuuona kwa macho yake hata kama hajawahi kushika spana.

Maswali kwanza, spana baadaye

Turudi kwa pikipiki isiyovuta. Fundi makini huanza kwa kuuliza: tatizo limeanza lini, linatokea injini ikiwa baridi au ikishapata moto, oili ilimwagwa lini, na iliwekwa oili gani? Kisha huipanda mwenyewe na kuipeleka mahali penye mwinuko. Mlio wa injini ukipanda lakini mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Mlio wenyewe ukikataa kupanda, au injini ikikohoa anapofungua mafuta, mashaka yanaelekea kwenye kabureta, kichujio cha hewa au plagi. Moshi wa buluu pamoja na oili inayopungua bila kuvuja ndivyo vinavyomfanya aanze kufikiria ringi au sili za valvu.

Hata akishajua kuwa klachi inateleza, bado hajafika kwenye pleti. Kwanza anaangalia mkono wa klachi. Kwenye pikipiki nyingi za kazi, ncha ya mkono huo inapaswa kucheza kwa takriban milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Waya ukiwa umekazwa mno, pleti hazibanani sawasawa na klachi huteleza hata kama pleti ni mpya. Dawa yake ni kulegeza nati ya kurekebishia waya, kazi ya dakika chache isiyohitaji spea yoyote.

Jambo la pili ni oili. Kwenye Boxer, TVS na pikipiki karibu zote za kazi, pleti za klachi zinaoga katika oili ileile inayolainisha injini na gia. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na msuguano ndio unaoifanya klachi ishike. Ndiyo maana Wajapani waliweka viwango vinavyoitwa JASO: oili yenye alama ya MA au MA2 ni ya injini zenye klachi ya aina hii, na yenye alama ya MB inafaa skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Alama hizo huandikwa kwenye kopo. Fundi anayelichukua kopo na kulisoma kabla ya kumimina anajua anachokifanya.

Halafu kuna plagi, ambayo hutoka kwa spana moja na kusema mengi. Ncha yenye rangi ya kahawia iliyofifia ni dalili kwamba mafuta yanaungua vizuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli inazidi hewa, mara nyingi kwa sababu kichujio kimeziba. Ncha iliyolowa oili ni dalili kwamba oili inapenya hadi kwenye chumba cha kuunguzia, na hapo ndipo mazungumzo ya ringi yanapopata msingi. Weupe uliokauka unaashiria injini inachemka kupita kiasi au inakosa petroli ya kutosha. Fundi mzuri hupangusa vumbi kuzunguka plagi kabla ya kuifungua ili mchanga usidondokee ndani ya silinda, kisha humwonyesha mteja ncha hiyo na kumweleza anachokiona. Anayetangaza kifo cha ringi bila kuitoa plagi anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa za mtu mwingine.

Injini inayosamehe makosa

Kwa nini fundi wa kubahatisha anadumu sokoni? Sehemu ya jibu imo katika historia ya pikipiki zenyewe. Honda ilitoa CG125 mwaka 1976, baada ya wahandisi wake kuona jinsi pikipiki zake za CB125 zilivyoharibika katika nchi ambako wamiliki walichelewesha kumwaga oili, waliendesha bila kichujio cha hewa na kuacha cheni ikachakaa. CG125 ikapewa injini inayosukuma valvu kwa fito, muundo rahisi unaovumilia matunzo duni. Viwanda vya China viliinakili kwa wingi, na pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zilizoingia Afrika Mashariki zina injini ya ukoo huo.

Uvumilivu huo ni neema kwa dereva, lakini unamficha fundi mbovu. Injini iliyofungwa ovyo bado itawaka, itatoka gerejini na itafanya kazi kwa muda kabla kosa halijajitokeza. Wakati huo fundi ameshalipwa, na lawama inahamia kwenye spea, barabara au dereva.

Boxer na TVS HLX, zinazotoka India na kujaa vijiweni siku hizi, zina muundo tofauti. Kemshafti yao imekaa juu, kwenye silinda hedi, na inazungushwa na taimingi cheni, kwa hiyo sehemu hiyo ya juu inahitaji oili safi inayofika bila kukatika. Fundi aliyezoea injini za fito akizitendea hizi kwa mazoea yaleyale, ataharibu asichokusudia.

Valvu ni mahali pazuri pa kumpima. Kwenye CG125, mwanya wa valvu ni milimita 0.08, na hupimwa injini ikiwa imepoa. Mwanya mdogo hivyo hausikiki kwa sikio. Unahitaji vibati vyembamba vya kupimia, ambavyo ni kifaa cha kawaida kwa fundi anayejiheshimu. Anayeseti valvu injini ikiwa bado inafuka, akisikiliza mlio tu, anaweza kuzibana mno. Kelele itaisha na mteja atafurahi, lakini valvu isiyofunga sawasawa hupoteza mgandamizo na mwishowe huungua.

Pesa ya ufundi na cha juu

Mteja anapomsifu fundi kuwa ni wa bei nafuu, mara nyingi anazungumzia pesa ya ufundi. Gharama yenyewe, hata hivyo, ina mafungu mawili, ufundi na spea, na fungu la pili ndilo linaloficha mengi. Wateja hubishania ufundi hadi fundi akubali malipo yasiyotosha hata chakula cha mchana. Naye analipia pengo hilo kwa cha juu: anamtajia mteja bei ya spea iliyoongezwa, au duka linampa chake pembeni kwa kupeleka mnunuzi. Ubaya wa mpango huo ni kwamba fundi ananufaika kila kinapobadilishwa kifaa na hapati chochote kinaporekebishwa. Kulegeza waya wa klachi hakumlipi, kuuza pleti kunamlipa.

Suluhisho ni kuyatenganisha mafungu hayo waziwazi. Mteja alipe ufundi kwa haki, ikiwa ni pamoja na malipo kidogo ya kukagua hata pale ugonjwa unapoonekana mdogo, na spea zinunuliwe kwa risiti. Fundi aandike jina la kifaa, aina ya pikipiki na kipimo chake. Mteja aende dukani mwenyewe, au waongozane. Mkaazi wa Dar es Salaam akiulizia maduka mawili matatu ya Kariakoo kabla ya kurudi gerejini, tayari anaijua bei.

Kuijua bei kuna nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, Meghan Busse, Ayelet Israeli na Florian Zettelmeyer walipanga watu wapige simu gereji nyingi za Marekani kuulizia gharama ya kubadilisha rejeta ya Toyota Camry. Wanawake ambao hawakutaja bei yoyote walitajiwa kiasi kikubwa kuliko wanaume. Mpigaji alipotaja bei anayoitarajia, tofauti hiyo ilitoweka. Mteja wa bodaboda anayesema kwa adabu, “Pleti hizi nimeziona kwa bei fulani, ufundi wako ni kiasi gani?” anatumia nguvu hiyohiyo.

Spea bandia ni tatizo jingine, na fundi mwaminifu anaweza kudanganywa kama mteja. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na risiti ni ushahidi wa kwanza wa anayelalamika. Kuna pia ukaguzi ambao hauhitaji mtaalamu. Silinda ikichongwa, pistoni inayofuata huwa kubwa kidogo, kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na namba hiyo kwa kawaida hugongwa juu ya kichwa cha pistoni. Mteja aliyeambiwa silinda imechongwa aombe kuiona namba kabla pistoni haijaingizwa. Na akiambiwa ringi pekee zinatosha, aulize silinda imepimwa vipi, kwa sababu ringi mpya ndani ya silinda iliyoliwa hazitadumu.

Kila kifaa kilichotolewa kirudishwe kwa mwenyewe. Pleti zilizokwisha huwa nyembamba au zimeungua, ringi zilizochakaa huacha mwanya mkubwa zikipachikwa ndani ya silinda, beringi mbovu hukwaruza ikizungushwa kwa vidole. Sharti hilo litajwe kabla ya kazi kuanza. Kwa pikipiki inayolala gerejini, alama ndogo ya rangi kwenye kabureta, betri na CDI inazuia vifaa vizima kubadilishwa na vichakavu.

Nani wa kumuuliza

Kijiwe cha bodaboda ndicho chanzo bora cha majina ya mafundi, mradi mteja ajue anaongea na nani. Dereva wa hesabu anapoteza pesa kila saa pikipiki inaposimama, hivyo humsifu fundi anayemaliza haraka. Dereva wa mkataba, ambaye chombo kitakuwa chake malipo yakikamilika, anajali pikipiki itadumu vipi baada ya mwaka. Wote wanasema kweli, ila wanapima mambo tofauti. Wa kusikilizwa kwanza ni yule mwenye pikipiki ya zamani isiyotoa moshi. Kwa bosi aliye mbali, anayepigiwa simu tu na kutumiwa gharama, ni busara kuongea na fundi moja kwa moja na kudai spea za zamani, maana dereva na fundi wanaweza kula njama.

Cheti kinasaidia pia. Mafundi wengi walijifunza chini ya mwarobaini kwa kumshikia mwalimu wao spana, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Aliyekubali kupimwa amekubali kazi yake iangaliwe na wengine.

Jina likishapatikana, jaribio la kwanza liwe kazi ndogo, kama kumwaga oili, kukaza cheni au kubadilisha viatu vya breki. Mteja abaki hapo na aangalie. Je, nati zinawekwa kwenye chombo au zinatupwa mchangani? Je, fundi anatumia spana ya saizi yake au anakamua kila kitu kwa plaizi? Mlegeo wa cheni anaupima, au anaikaza hadi inalia? Na kazi inafanywa na fundi aliyesifiwa, au ameachiwa kijana aliyeanza wiki iliyopita bila wa kumsimamia?

Kazi kubwa inapofika, makubaliano yawe manne na yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: kitakachofanyika, bei ya ufundi, siku ya kumaliza, na muda ambao fundi atarudia kazi bure tatizo lilelile likijirudia. Liongezwe sharti kwamba likionekana jipya ndani ya injini, mteja anapigiwa kabla halijaguswa.

Baada ya hapo kinahitajika daftari. Kila matengenezo yaandikwe: tarehe, kilomita, kifaa, duka, fundi. Pleti zilizowekwa Machi zikiteleza tena Juni, daftari litaonyesha kama zilikuwa za duka lilelile, kama oili ilibadilishwa na kuwa ya aina nyingine, au kama ni mara ya pili kazi ya fundi huyo kurudi. Fundi anayeukubali ukurasa huo kuwa hoja, akarudi kuuangalia waya na kulisoma kopo la oili kabla ya kuagiza pleti nyingine, anastahili kuendelea na kazi na kulipwa ufundi wake kamili. Anayekasirika kwa kuonyeshwa tarehe apewe shukrani zake, na pikipiki ihamishiwe kwa jina la pili kwenye orodha ya kijiweni.