Kabla ya kuiuliza simu, mtazame mtoto

Siku hizi wazazi wengi wanaoleta watoto kliniki wanakuja na jibu tayari. Wameandika dalili kwenye programu ya akili mnemba, nayo imewaambia ni mafua, meno au malaria. Sikukatazi kuitumia, mzazi. Inaeleza mambo kwa Kiswahili chepesi, haichoki kuulizwa, na inapatikana hata usiku wa manane.

Lakini programu hiyo haimwoni mtoto wako. Inajua kile tu ulichoiandikia. Ukiandika "mtoto ana homa na kikohozi" bila kutaja kwamba anapumua haraka, utajibiwa kuhusu homa na kikohozi. Jibu litakutuliza, huku jambo kubwa likiwa limeachwa. Nawe huwezi kulitaja kama hukulitazama.

Hata sisi madaktari tunahusika. Mwaka 2025 jarida la The Lancet Gastroenterology & Hepatology lilichapisha utafiti kutoka vituo vinne vya nchini Poland. Madaktari wazoefu wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera walianza kusaidiwa na akili mnemba kutafuta vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Kabla ya hapo, walikuwa wakivigundua kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Baada ya kuizoea, walipopima bila msaada wake, kiwango kilikuwa asilimia 22.4. Utafiti wa aina hii hauthibitishi chanzo, ila unatutahadharisha kwamba jicho lililozoea kuonyeshwa linaweza kupunguza umakini wa kutafuta.

Anza na macho yako

Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi. Ukiona mojawapo ya hayo, mpeleke akapimwe.

Kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea sana na haamki vizuri, usiandike chochote kwenye simu. Mkimbize kituo cha afya. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa naye apelekwe mara moja, hata kama anaonekana mchangamfu.

Mambo ambayo simu haiwezi kuyamaliza

Malaria haithibitishwi kwa maelezo ya dalili. Inathibitishwa kwa kipimo cha damu, kwa sababu homa yake inafanana na homa za magonjwa mengine mengi.

Dozi nayo inahitaji uangalifu. Paracetamol ya mtoto hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na dawa za maji hazilingani nguvu. Ukiambiwa "mililita tano" na programu isiyojua uzito wa mtoto wala chupa uliyonayo, usimpe. Soma lebo, au mwonyeshe mfamasia chupa hiyo.

Itumie hivi

Ukishamtazama mtoto, andika ulichokiona: umri, uzito, siku ngapi, pumzi ngapi, amekojoa mara ngapi. Iombe ikusaidie kupanga maswali ya kumuuliza daktari, au ikufafanulie neno lililoandikwa kwenye cheti. Ikijibu, jiulize: ni kitu gani sikuiambia?

Ikikwambia ni hali ya kawaida, nawe unaona mtoto hayuko sawa, mlete. Wewe ndiye unayejua anavyonyonya, anavyolia na anavyocheza akiwa mzima. Ukifika, tuanzie hapo: tueleze kwanza ulichokiona wewe, halafu ndipo utuonyeshe jibu la simu.