Tiyo inayovuja chini ya udongo: rada inasema nini?

Kwetu Kabambare wengi husema tiyo. Vitabuni tunasoma bomba. Kwa jina lolote lile, likipasuka chini ya ardhi, maji yanaweza kupotea kwa miezi bila kuonekana juu. Tena hasara si maji peke yake. Msukumo ukishuka, maji machafu ya udongoni huweza kuingia kwa ufa uleule, pamoja na vijidudu vya kipindupindu. Je, ufa hutafutwaje bila kuchimba barabara nzima?

Kwanza hutafutwa bomba lenyewe. Chombo hutia mkondo wa umeme katika bomba la chuma. Mkondo huzaa uga wa sumaku, na kipokezi kinachobebwa juu ya ardhi huufuata. Bomba la plastiki halipitishi umeme, kwa hiyo halipatikani kwa njia hii, isipokuwa limezikwa pamoja na waya.

Njia ya pili ni rada ya ardhini. Antena huvutwa juu ya udongo ikituma mawimbi ya redio, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi. Hewani mawimbi hayo huenda sentimita 30 kwa nanosekunde, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika mchanga mkavu huenda kama 15. Katika mchanga ulioshiba maji, kama 6 tu. Hivyo panapovuja mwangwi huchelewa, na bomba huonekana limezama kuliko kina chake halisi. Udongo wa mfinyanzi wenye maji huyameza mawimbi, na rada haifiki mbali.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Neno sumakuumeme ni zuri: limeunga sumaku na umeme, na fundi akilisikia ameshaelewa nusu ya kazi. Lakini tukisema "rada imeona mvujo", tunapotosha. Rada imepima kuchelewa tu, na kuchelewa huko kunaweza kuletwa na mvua ya jana au chemchemi ya karibu. Kwa hiyo fundi hurudia kipimo wakati wa ukavu, hulinganisha na sehemu nzima ya bomba, na husikiliza mlio wa maji kwa fimbo ya chuma.

Napendekeza ripoti za Kiswahili ziandike "dalili ya unyevu" mpaka shimo lichimbwe na ufa uonekane. Neno likitangulia ushahidi, watu huchimba pasipo na kitu, na tiyo huendelea kuvuja.