Kidato cha Kwanza na Mshika Kamba

Maelfu ya vijana wamesoma Kibaha, kwenye kituo cha elimu kilichoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, wakapanda kidato baada ya kidato. Wachache waliwahi kusimama kufikiri kwamba neno hilo lina makazi mengine juu ya mnazi. Kidato ni pengo linalochongwa kwenye shina ili mkwezi apate pa kukanyaga. Kijana anayetaka kujifunza kukwea miamba aanze na kidato hicho cha panga, kwa sababu miamba yenyewe haipo.

Hapo ndipo penye tabu. Kibaha ni mchanga na tifutifu. Jirani yake Kisarawe ina vilima vya Pugu, na machimbo yake ya kaolini yana kuta nyeupe zinazomtamanisha mtu kwa mbali. Kwa karibu tamaa inaisha. Ukuta ule ni jiwe laini la mchanga lililochanganyika na udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, na mahandaki ya zamani yaliyochimbwa humo sasa ni makao ya popo. Jiwe la kukwea ni lile linalobaki mahali pake ukilivuta. La Pugu linakufuata mkononi, pengine na ukuta mzima juu yake.

Basi turudi mnazini. Mtazame mgema, ambaye hupanda mti uleule asubuhi na jioni kwenda kukinga tembo. Utadhani anajivuta kwa mikono, kumbe mikono inamzuia tu asianguke nyuma. Kinachompandisha ni miguu: unyayo unaingia kwenye kidato, nyonga inasogea karibu na shina, goti linanyooka, mwili unainuka. Halafu mguu wa pili. Akisimama kupumzika, mkono unanyooka mzima kiasi kwamba uzito unaning'inia kwenye mifupa, misuli ikapata nafuu.

Anayeanza kukwea mwamba hufanya kinyume chake karibu kila mara. Anakunja viwiko, anajivuta, na baada ya dakika chache mikono imejaa damu, vidole havifumbi tena. Ndiyo maana walimu wa mchezo huu humpa mwanafunzi mazoezi ya kukanyaga kwanza: kuweka ncha ya kiatu bila kelele, kuitazama mpaka itulie, kisha ndipo ahamishe uzito. Zoezi hilo halihitaji mlima. Ukuta mfupi wa mawe unatosha, mradi kimo chake ni cha kurukia chini bila kuumia.

Nguvu za mikono zina wakati wake, na kwa kijana wakati huo si sasa. Misuli huitikia mazoezi ndani ya wiki. Kano huchelewa miezi mingi. Zaidi ya hapo, mifupa ya vidole vya mtu anayekua ina sehemu laini karibu na viungo, na sehemu hizo huweza kupasuka kwa mkazo wa kurudiarudia, hasa kwenye kiungo cha kati cha kidole cha kati. Kijana wa miaka 15 anayening'inia kwa ncha za vidole kila jioni ili awe kama mabingwa wa Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Tokyo mwaka 2021, anajiandalia jeraha. Kidole kikiuma kwenye kiungo, asikwee, aende kwa daktari. Siku za kupumzika ni sehemu ya mazoezi, ingawa hakuna kijana anayependa kuambiwa hivyo.

Mkwezi wa mnazi, hata hivyo, ana kasoro moja ambayo mwalimu wa miamba hataki mwanafunzi airithi: yuko peke yake. Akiteleza, hakuna wa kumdaka.

Kwenye miamba mambo ni tofauti. Mwaka 1930 mkulima mmoja wa Kenya, H. W. Tilman, aliyekuwa na miaka 32 na hajazoea miamba, alimwandikia barua kijana wa miaka 22 ambaye pia alikuwa akifanya kazi za shamba. Kijana huyo, Eric Shipton, mwaka mmoja kabla alikuwa amefika kilele cha Nelion kwenye Mlima Kenya pamoja na Percy Wyn-Harris. Barua ikazaa safari: wakaenda Kilimanjaro, kisha mwaka huohuo wakakwea ukingo wa magharibi wa Mlima Kenya. Wakiwa huko, katika kushuka kilele kidogo cha Midget, Tilman aliteleza, akapigwa kichwani hata akapoteza kumbukumbu kwa muda. Shipton alimshika kwa kamba. Enzi hizo kamba zilikuwa za nyuzi za mimea, kama zile za mkonge wetu, zisizonyumbuka kama nailoni ya leo. Leo pia kamba ya dukani ya kufungia mizigo haifai. Inayofaa ni ile iliyotengenezwa kunyumbuka mtu anapoanguka.

Kwa hiyo kijana wa Kibaha amtafute nani? Rika lenye misuli si jibu. Atafute mtu asiyeona haya kukagua fundo lake mwenyewe. Skauti wa shule ni pa kuanzia, kwa kuwa mafundo wanayajua tayari. Mwenye uzoefu wa kumfundisha kushika kamba atapatikana mbali zaidi: Moshi kwa waongoza wageni, au Nairobi, ambako klabu ya wapanda milima imekuwa ikikwea miamba ya Lukenya kwa miongo mingi. Basi la Arusha linapita mlangoni pa Kibaha.

Kabla ya safari, kijana na mwenzake wana kazi ya kufanya uwanjani, chini kabisa. Mmoja anafunga fundo la umbo la nane kwenye mkanda wa kiunoni, mwenzake analifuata kwa kidole uzi kwa uzi. Mshika kamba anapitisha kamba kwenye kifaa cha breki, mkono wa chini hauiachi hata sekunde moja, hata inzi akimtua puani. Kisha wanabadilishana, mara ishirini, mpaka majirani wanacheka.

"Umenishika?"

"Nimekushika."

"Nakwea."

Na hakuna aliyenyanyua mguu bado.