Jani Zuri, Udongo Gani?

"Mama, huu muti wa pa lupango unaponyesha nini?"

Wapendwa wasomaji, mtoto akiuliza hivi, tusimjibu mbio kwamba moringa inaponyesha magonjwa yote. Tumwambie ukweli.

Moringa ilitoka kaskazini ya India, nayo inavumilia jua kali na ukame. Hapa Kasapa, tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9, mvua karibu hainyeshi. Sisi tunakimbilia kivuli, lakini mmea hauna miguu. Basi unajitengenezea ulinzi ndani ya majani: vitamini C, beta-karotini na polifenoli. Wenye elimu wanaita vitu hivyo antioksidanti.

Kazi yake ni gani? Angalia chuma kilichoachwa inje: hewa na mayi vinakitia kutu. Ndani ya mwili pia oksijeni inazaa chembe zenye kuharibu, na antioksidanti zinazipunguza nguvu. Sombe na lengalenga ziko nazo vilevile, hatuhitaji poda ya bei kali.

Lakini kuna neno moja zaidi kwetu watu wa migodi. Muzizi unakunywa kile kilicho mu udongo. Mwaka 2009, wachunguzi wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walipima mikojo ya watu wa Katanga. Walikuta kobalti nyingi sana kwa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Uchunguzi wa 2014 ulionyesha njia zake: chakula, zaidi majani ya mboga, pamoja na vumbi, hasa kwa watoto.

Kuosha kunaondoa vumbi, lakini metali iliyopanda na muzizi haitoki. Jani linaweza kuwa la kijani kibichi na lina dawa na sumu pamoja.

Basi, mama na baba, na ninyi vijana:
– Musilime karibu na takataka za mgodi, wala kumwangilia mayi yanayotoka kule.
– Oshea majani mara mbili tatu. Ya moringa usiyapike saa nyingi, vitamini C inakufa ku moto.
– Kausha moringa kivulini.
– Mwenye mimba asile mizizi wala maganda yake.
– Homa ikishika mtoto, peleka ku hospitali. Jani ni chakula, si daktari.

Mbele ya kuuliza jani linaponyesha nini, tuulize kwanza: limeota wapi?