Mafuta ya mwani yanakunywa maji kiasi gani?

Ndugu viongozi na jamaa mliohama makwenu, katika mikutano juu ya kuni na makala tunaulizwa kama mafuta ya gari yaweza kutoka katika mwani, ule utelezi wa kijani unaoota juu ya maji yaliyotuama. Ndiyo, yaweza. Marekani ilitafiti jambo hilo toka 1978 hadi 1996, hata ikajaribu mabwawa huko Roswell, jimbo la New Mexico. Mwani hauhitaji shamba la muhogo, na aina nyingine huota katika maji ya chumvi.

Lakini unakula sana. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilionyesha kwamba lita moja ya mafuta hayo yaweza kutumia lita 3 za maji yasiyo na chumvi, au hata 3,650! Yote hutegemea namna ya kulima: bwawa la wazi hukaushwa na jua. Mbolea nayo, ikivuja hadi ziwani, huotesha majani. Yakioza, hewa huisha majini na samaki hufa.

Basi kiongozi akiletewa mradi wa namna hii aulize kwanza: maji yatatoka kisima gani, na machafu yatamwagwa wapi?